Mkono wa Mwanafunzi na Mshipa wa Mgonjwa

Kuna maswali ambayo watu wema huyakwepa, si kwa kuwa ni magumu kuyafikiri, bali kwa kuwa kila jibu lake humgusa mtu fulani. Mojawapo ndilo hili: mganga msaidizi ajifunze kuchoma mshipa juu ya mwili wa nani? Hakuna aliyezaliwa na mkono unaojua. Tabibu ambaye leo huupata mshipa wa mtoto mchanga usiku wa manane kwa mwanga wa tochi, mama wa mtoto akashukuru, naye alikuwa na mgonjwa wake wa kwanza. Mgonjwa huyo alikuwa na jina, alikuwa na watu wake, na pengine alichomwa mara nne au tano kabla damu haijaonekana kwenye kanula. Alilipa ada ya masomo ya mtu mwingine kwa mwili wake mwenyewe, wala hakuna aliyemwuliza kama yu radhi.

Wasomaji wetu wengi wamepata kuketi kando ya kitanda kilichotundikiwa chupa ya maji. Wameyatazama matone yakidondoka mmoja mmoja, na mioyo yao ikatulia, maana chupa ile huonekana kama ahadi kwamba sasa mgonjwa ameshikwa mkono. Kwa kweli kazi ile ni kubwa kuliko ionekanavyo. Kinywa kina ulimi wa kuonja na tumbo lina njia ya kutapika. Mshipa hauna mlinzi. Kinachotiwa mshipani hufika moyoni baada ya muda mfupi sana, kiwe chema au kibaya, kingi au kidogo, safi au chenye wadudu wa magonjwa. Dawa iitwayo potasiamu kloridi, ambayo ikichanganywa vema na kutiwa polepole huokoa maisha, husimamisha moyo ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa na maji. Basi anayeshika sindano ile ameshika mlango usio na bawabu.

Watu wanaofanya kazi hii katika nchi yetu aghalabu si madaktari. Tangu zamani za madresa, na baadaye waganga wasaidizi na waganga wasaidizi wa vijijini ambao Serikali ya Tanzania ilifundisha kwa wingi baada ya Uhuru, hadi matabibu na wauguzi wa leo, mzigo wa kumtibu mtu wa kijijini umebebwa na watu waliosoma miaka michache tu. Jina lenyewe la msaidizi hudanganya. Mtu akisikia neno hilo hudhani kwamba yuko mkubwa chumba cha pili ambaye msaidizi humpelekea vyombo. Katika zahanati nyingi chumba cha pili kina mizani ya watoto na sanduku la chanjo, basi. Msaidizi ndiye anayepima, ndiye anayeamua, ndiye anayechoma, na usiku ndiye anayefungua mlango.

Wako wanaosema kwamba kazi ya hatari namna hii yafaa wakatazwe kabisa wasio na elimu ya juu. Huko California, Marekani, mathalan, wako wahudumu waitwao wasaidizi wa tiba ambao hufanya kazi katika ofisi za madaktari, na kanuni za huko haziwaruhusu kuweka sindano ya dripu wala kuunganisha au kuondoa mpira wake. Kanuni hiyo haina ubaya. Lakini yatupasa kuuliza gharama yake ni nini na nani anailipa. Mahali ambapo nesi aliyesajiliwa yu karibu na gari la wagonjwa laja likiitwa, katazo halimpotezei mgonjwa kitu. Ukilichukua katazo hilohilo ukalipeleka mahali ambapo hospitali iko mwendo wa nusu siku na mto umefurika, umemhukumu mtoto anayeharisha kufa ili daftari la kanuni libaki safi. Mtu aweza kuua kwa kutenda. Aweza pia kuua kwa kukataza, na huyu wa pili hulala usingizi mzuri zaidi.

Wala si kweli kwamba elimu fupi haiwezi kuzaa mkono hodari. Mwaka 1984 Msumbiji ilianza kuwafundisha upasuaji watu wasio madaktari, na waliochunguza kazi yao ya kuwapasua akina mama wakati wa kujifungua hawakukuta tofauti kubwa kati ya matokeo yao na ya madaktari. Mtu aliyefundishwa jambo moja kwa ukamilifu, akalifanya kila siku, huenda akalijua kuliko aliyefundishwa mambo mia na kulifanya hilo moja mara mbili kwa mwaka.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili tukaanguka shimo la huko. Upande huo ndio wa wale wasemao: maskini hana cha kuchagua, apewe kilichopo, na nia njema itajaza pengo la ujuzi. Neno hili lasemwa mara nyingi na watu wa dini, kwa hiyo yafaa sisi tulijibu, na jibu tunalo katika historia yetu wenyewe.

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, masista kutoka Ubelgiji waliwahudumia watu wengi waliotoka mbali kwa sababu dawa zilipatikana hapo. Kila asubuhi yalitolewa mabomba 5 ya sindano kwa ajili ya wagonjwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, bomba na sindano vilisuuzwa katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha vikatumika tena. Mwishoni mwa Agosti alikuja mwalimu wa shule ya misheni mwenye homa, akachomwa sindano ya malaria. Ugonjwa uliofuata ndio uliokuja kuitwa Ebola. Waliougua walihesabiwa 318, na waliokufa 280. Wengi wa wale wa mwanzo walikuwa wamechomwa sindano hospitalini hapo, na miongoni mwao akina mama waja wazito waliokuja kuangaliwa tu. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki, masista wakiwamo. Mwisho wa Septemba hospitali ilifungwa, maana waliobaki kuhudumu walikuwa wachache mno.

Hatuyaandiki haya ili kuwalaumu marehemu. Walikaa na watu wao hadi mwisho, na wengi wetu tusingalikaa. Lakini hasa kwa sababu walikuwa wema, mfano wao watufunza jambo ambalo mfano wa mtu mwovu usingeweza kutufunza. Upendo haukupungua Yambuku. Kilichopungua ni sindano za kutosha, na mtu wa kusema kwamba sindano iliyosuuzwa si sindano iliyochemshwa. Upendo ulikuwa mkuu, na njia ya mauti ikapita katikati yake bila kuuona. Tangu hapo hatuna ruhusa ya kusema kwamba moyo mwema watosha. Anayempenda mgonjwa na hataki kujua mkono wake umegusa nini, bado hajampenda huyo mgonjwa. Amependa tu kujiona akihudumu.

Tukubali basi kwamba msaidizi afanye kazi hii, na kwamba asiifanye kabla hajafundishwa. Hapo ndipo swali letu la kwanza larudi kwa nguvu. Afundishwe juu ya nani?

Kwa muda mrefu jibu la dunia lilikuwa jepesi: juu ya maskini. Hospitali kubwa za Ulaya zilizofundisha madaktari ziliwapokea wasio na fedha, na malipo yao yalikuwa kutazamwa, kushikwashikwa, na kujifunziwa. Tajiri alitibiwa nyumbani kwake na mtu aliyekwisha kujua. Desturi hiyo ilihamia huku pamoja na vitanda na mashuka. Yuko mtu atakayesema kwamba si dhuluma, maana maskini alipata tiba ambayo asingeipata. Twajibu kwamba tiba ile ilikuwa na faida, na bado ilikuwa dhuluma, kwa sababu mmoja aliombwa ridhaa na mwingine hakuombwa. Ridhaa haipimwi kwa kiatu cha mtu.

Siku hizi kuna mikono ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye mishipa ndani na maji mekundu yanayotoka ukipatia. Mwanafunzi aweza kuichoma mara mia bila mtu kupiga kelele. Chuo kisicho na mkono kama huo, na kinachompeleka mwanafunzi moja kwa moja wodini kwa sababu mpira ni ghali na mgonjwa ni bure, kimefanya hesabu ambayo kingeona aibu kuisoma hadharani. Vipo vyuo ambavyo wanafunzi huchomana wao kwa wao. Desturi hiyo ina heshima yake, kwani anayechoma ajua sasa kuchomwa kukoje. Ila isiwe kwa kulazimishwa, maana mwanafunzi naye ana haki ya kukataa, na mwalimu mwenye alama mkononi ni mtu mgumu kukataliwa.

Lakini mpira haulii, hauvuti mkono, haujakaukiwa maji hata mishipa ikajificha. Itafika asubuhi ambayo yule mwanafunzi atasimama mbele ya mtu mwenye damu ya kweli, na hakuna njia ya kuikwepa asubuhi hiyo isipokuwa kuamua kwamba baada ya kizazi hiki pasiwe na matabibu tena. Kwa hiyo twasema kwamba mgonjwa ana wajibu fulani kwa mwanafunzi, kama vile sote tuna wajibu kwa wale watakaougua baada yetu: sisi tulinufaika na maumivu ya watu tusiowajua. Ni wajibu, lakini haudaiwi kwa hila. Mgonjwa aambiwe: "Mama, huyu ni mwanafunzi, mimi mwalimu wake nimesimama hapa, je, waridhia?" Maneno hayo huchukua muda mfupi kuliko kufunga mpira mkononi. Akisema hapana, basi ni hapana, wala asinuniwe. Asiyeweza kusema, yaani mtoto, mwenye kuzimia, aliyepungukiwa na akili kwa homa, huyo asiwe wa kujifunzia kwanza. Na mwanafunzi akikosa mshipa mara mbili, aache, amwite mwenzake. Kanuni hiyo ya mara mbili yafuatwa katika hospitali nyingi, na ina hekima ya kibinadamu ndani yake: mara ya tatu mtu hachomi tena kwa ajili ya mgonjwa, anachoma kwa ajili ya kujithibitisha.

Mpaka hapa tumesema habari za mkono tu, na kwa kweli mkono ndio sehemu rahisi. Kijana mwenye utulivu huweza kujifunza kuupata mshipa kwa majuma machache. Hatari nyingi huanza baada ya kanula kuingia, wakati watu wote wamekwisha kushusha pumzi.

Chukua jambo la matone. Mpira wa dripu wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa kila mililita moja. Daktari akiagiza lita moja kwa saa 8, matone yatakuwa 42 hivi kwa dakika. Upo mpira mwingine wa watoto, wenye matone madogo, ambao hutoa 60 kwa mililita. Matone hayohayo 42 kwa dakika katika mpira huo ni mililita 42 kwa saa, yaani lita moja kwa siku nzima, kiasi kinachomfaa mtoto wa kilo 10 asiyeweza kunywa. Sasa mipira ya watoto ikaisha stoo. Msaidizi akachukua ule wa wakubwa, akahesabu matone 42 kwa uangalifu wote kama alivyofundishwa, akaandika kwenye karatasi, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mtoto atapata maji mara tatu ya aliyoagiziwa. Kufikia alfajiri mapafu yake yaweza kuwa yamejaa. Hakuna aliyefanya uvivu, hakuna aliyelewa, hesabu yenyewe haikukosewa. Kilichokosekana ni kujua kwa nini inahesabiwa. Huyu alifundishwa namba badala ya kufundishwa maana, na anayefundisha namba bila maana huwaachia wengine mtego njiani, ingawa cheti chake kina muhuri.

Na jambo la kukaa. Mnamo Mei 1832, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu huko Uskoti, daktari Thomas Latta wa Leith, bandari ya Edinburgh, alijaribu jambo ambalo lilikuwa geni kabisa wakati ule: kumtilia mgonjwa maji ya chumvi mshipani. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee aliyekwisha kuonekana kama maiti. Latta aliyatia polepole, akitazama. Kwa nusu saa zikaingia karibu lita 3, na yule mama akarudi: mapigo yakasikika, uso ukapata uhai, akasema. Daktari alikuwa amechoka, akadhani kwamba hatari imepita, akamwacha mikononi mwa daktari wa hospitali akaenda kupumzika. Kutapika na kuhara vikaanza tena. Latta hakuitwa. Saa 5 na nusu baada ya yeye kuondoka, mama akafa. Latta aliyaandika haya yeye mwenyewe katika barua yake, ikachapwa, na wote wakasoma. Hakuificha ile sehemu ya mwisho. Wengine aliowatia maji baadaye walirudiwarudiwa kadiri walivyohitaji, na baadhi yao walipona.

Twaona kwamba tiba hii, tangu mgonjwa wake wa kwanza, ilishindwa kwa mtu kuondoka. Aliyejua aliondoka, aliyebaki hakujua la kufanya wala hakumwita aliyejua. Katika wodi zetu jambo hili hutokea usiku, na usiku una mwuguzi mmoja kwa vitanda vingi. Yeye ndiye aangalie kama mkono umevimba pale ilipoingia kanula, kama ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, kama mgonjwa anapumua kwa shida, kama chupa imekwisha. Kumfundisha msaidizi kuchoma na kutomfundisha kukesha ni kumpa mtu nusu ya kazi, na ile nusu yenye sifa. Tena afundishwe kuita. Wako vijana wengi ambao wangependa mgonjwa azidiwe kuliko wao kumwamsha mkubwa saa 8 usiku na kuambiwa hawajui kitu. Mkubwa anayemfokea kijana aliyemwita bure usiku mmoja, amenunua kimya cha kijana huyo kwa usiku mwingine wote, na bei ya kimya hicho hailipwi na yeye.

Liko na jambo la tatu, gumu zaidi. Ikiwa mkono ni mwema, hesabu ni sahihi, na mwuguzi amekesha, lakini agizo lenyewe ni kosa, je? Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 6 za Uganda, Kenya na Tanzania. Miongoni mwao ilikuwamo ya Muheza kwetu, ya Kilifi, na ya Lacor karibu na Gulu, ambayo ni ya Kikatoliki. Watoto 3,141 waliokuja na homa kali na dalili za damu kutozunguka vema waligawiwa kwa kura mafungu 3. Mafungu 2 walitiwa maji mengi kwa haraka, kama mafundisho ya tiba yalivyokuwa yakiagiza. Fungu la tatu walipewa maji ya kawaida polepole. Watoto wenye ugonjwa wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Wengi walitazamia kwamba maji ya haraka yataokoa. Baada ya saa 48, waliokufa katika mafungu yale 2 walikuwa asilimia 10.6 na 10.5, katika fungu la polepole, asilimia 7.3. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Fikirini maana yake. Wako waganga walioshika kitabu kwa uaminifu, wakafanya kama walivyofundishwa na watu wenye elimu kuu, na wakiwa wema na hodari wakafanya jambo lililokuwa likiwadhuru baadhi ya watoto. Hatusemi kwamba walitenda dhambi. Mtu hahukumiwi kwa nuru ambayo haikuwapo. Lakini baada ya nuru kuja, hali yabadilika. Msaidizi aliyesoma chuoni miaka 20 iliyopita na ambaye hakuna aliyemwendea tangu hapo, huyo aendelea kutenda ya zamani akiwa na dhamiri safi, na wenye lawama ni wale wenye barua ya matokeo katika meza zao ambao hawakumpelekea. Mafunzo si cheti kinachotundikwa ukutani mara moja. Kumfundisha mtu kazi ya hatari ni kufunga naye agano kwamba ukijua jipya utamwambia. Vyuo vingi na majimbo mengi hufunga agano hili siku ya mahafali kwa hotuba, kisha hulisahau.

Sasa twageukia familia zenyewe, maana haiwi haki kuwasema waganga tu. Watu wetu wameipenda dripu kupita kiasi. Mtu amechoka kwa kazi, au kichwa chamwuma, aenda dukani kwa mwenye dawa au kwenye zahanati ya kulipia na kusema: nitundikie maji. Akinyimwa, huona kwamba hakutibiwa, na mwenye zahanati ajua kwamba kesho atakwenda kwa jirani. Yafaa wasomaji wajue kilichomo chupani. Lita moja ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. Lita ya maji ya chumvi ina gramu 9 za chumvi. Hakuna nguvu nyingine iliyofichwa humo. Sahani ya ugali na maharage ina lishe zaidi, wala haitobolei mtu mkono. Kumchoma mtu anayeweza kunywa, kwa sababu tu ametaka na atalipa, ni kumfungulia ule mlango usio na bawabu bila haja. Na msaidizi aliyefundishwa vema ni yule ambaye pia amefundishwa kukataa, na ambaye bwana wake hatamkata mshahara kwa kukataa.

Kwamba kinywa chatosha mara nyingi, tulionyeshwa mwaka 1971. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikusanyika Bangaon, India, kipindupindu kikawaingia, na maji ya mshipani yakakaribia kuisha, na waliojua kuyatia walikuwa wachache. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi, glukosi na magadi zichanganywe na maji katika mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilishuka hadi karibu 4 katika kila wagonjwa 100. Sindano ziliachiwa wale wasioweza kunywa kabisa. Waliookoa watu kwa vikombe hawakuwa na cheti chochote. Walifundishwa jambo moja, wakaketi, hawakuondoka.

Tena ndugu walio wodini wajizuie na kile kigurudumu kidogo kwenye mpira. Twajua jinsi ilivyo: jioni yaingia, basi la mwisho laondoka, chupa bado nusu, na mjomba mwenye haraka akizungusha kidogo kigurudumu, maji yashuka mbio. Amefanya kwa upendo, na aweza kumzamisha mgonjwa wake kitandani. Kama wataka kusaidia, tazama mkono, tazama pumzi, na ukiona uvimbe au mgonjwa akihema, mwite mwuguzi hata kama amekwisha kuitwa mara tatu.

Na mwanafunzi mwenyewe, naye ni mtoto wa mtu. Ajichomapo kwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi, hatari ya kuambukizwa ni kama 3 kwa 1,000. Kwa homa ya ini ya aina ya B yaweza kufika 30 kwa 100 ikiwa hakuchanjwa. Chanjo ipo, na dawa ya kuzuia Ukimwi ipo ikianzwa mapema, kabla ya saa 72. Chuo kinachomtuma kijana wodini kabla ya kumchanja, bila glovu za kutosha wala sanduku la kutupia sindano, hakina haki ya kumhubiria habari za usalama wa wengine. Mtu hujifunza thamani ya mwili wa jirani kwa kuona jinsi mwili wake mwenyewe unavyothaminiwa na waliomtangulia.

Twajua kwamba haya yote yahitaji fedha, na hospitali za majimbo yetu hazinazo nyingi. Wafadhili hupenda kununua kitu kinachoonekana pichani: jengo, gari, mashine yenye taa. Ni vigumu kumpiga picha mwalimu aliyesimama nyuma ya mwanafunzi bila kugusa kitu. Lakini mengine ni madogo. Matone huhesabiwa kwa dakika, na zipo wodi ambamo hakuna chombo cha kupimia dakika isipokuwa simu ya mwuguzi, ambayo ameishika kwa glovu ileile aliyomshikia mgonjwa. Basi halmashauri ya hospitali itakapoketi kupanga fedha za mwaka, baada ya kusomwa maombi ya rangi ya ukuta na ya jokofu, mjumbe mmoja asimame aulize kama kila wodi ina saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, na kama ina betri.